Bi. Zuhura na Mlango wa Uani

Bi. Zuhura alijifunza kusoma akiwa na miaka sitini na ushee, na jambo la kwanza alilolisoma peke yake lilimkasirisha hata akashindwa kula usiku ule. Ilikuwa orodha ya kazi iliyobandikwa kwenye mlango wa ghala la kijiji. Aliyeiandika, kwa rula na wino mwekundu, alikuwa mume wangu.

Sisi kwetu ni Upare. Serikali ilimhamishia Erasto huku kusini mwaka wa sabini na mbili, tukashushwa na lori pamoja na vitanda vyetu katika kijiji cha ujamaa cha Namkumbi, ukishakipita kijiji cha Ziwani ukielekea kule Ruvuma inakoingilia baharini. Ng'ambo ya mto Mreno alikuwa bado anapigana, na wanamgambo wetu walilinda kwa zamu. Erasto alifundisha watoto asubuhi. Mimi Raheli, niliyekuwa nimesoma hadi darasa la nane na sina kazi ya maana zaidi ya kugombana na mbuzi wa jirani, nilipewa darasa la kisomo la akina mama, kila siku alasiri.

Bi. Zuhura ndiye aliyekuwa mwanafunzi wangu mkongwe kuliko wote, na mkaidi kuliko wote. Alikuwa mrefu, mkavu, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto. Herufi ikimshinda hakucheka kwa haya kama wenzake. Aliikazia macho kana kwamba imemtukana. Zamani aliwauzia mihogo ya kuchemsha vibarua waliojenga bandari ya Mtwara. Alimzika mume, akamzika binti yake wa pekee, akamlea mjukuu wake Salma tangu ana siku nne. Nilimpenda mapema ingawa alinitoa jasho. Ukimpa kiti, alikaa chini. Nikadhani ni mazoea tu ya watu wa pwani.

Kuna jambo jingine nililiona nikalipuuza. Watoto wadogo wa nyumbani kwa Mzee Abdallah, mwenyekiti wa kijiji, walimwita "Zuhura" kavukavu, bila bi wala bibi. Kwetu mtoto wa namna hiyo angechapwa akaja kuomba radhi. Hapa hakuna aliyegeuza hata shingo, na mimi mgeni nikafyata mdomo.

Sasa hiyo orodha. Erasto alikuwa mwalimu mwema, na wema wake ndio uliotuponza. Alitaka kazi za kijiji zigawanywe kwa haki, kila mtu kwa ujuzi wake. Basi akaenda kwenye baraza ya Mzee Abdallah, akawauliza wazee waliokaa pale nani anajua kazi gani. Wazee walimjibu bila hila yoyote. Akina fulani ni mafundi wa kutwanga na kupikia watu wengi. Akina fulani hakuna wa kuwapita kwa kuchimba, liwe kaburi ama kisima. Akina fulani wanajua kupokea wageni, kutunza ghala, kusimamia. Erasto akarudi nyumbani anapiga mluzi, akachora makundi yake manne. Orodha ilikaa mlangoni mwa ghala miezi mitano na hakuna aliyelalamika, maana kila mtu alijikuta yuko palepale alipokuwa babu yake. Erasto akauchukulia ukimya ule kuwa ni ridhaa.

Siku Bi. Zuhura alipoisoma nilikuwa naye, tumetoka darasani. Alisimama mbele ya mlango, kidole kikitembea chini ya maneno. Kundi la Kutwanga na Kupika. Akasoma jina lake. Akasoma majina ya ndugu zake wa kike. Akasoma jina la Salma. Kisha akahamia Kundi la Usimamizi na Zahanati, akalisoma nalo lote mpaka mwisho, polepole, nami nikawa nampongeza kama mjinga. Alipomaliza aliniuliza kama najua yale ni majina ya nani. Nikasema ni ya wanakijiji. Akasema haya huku ni majina ya watu wa barazani, na yale kule ni ya watu wa uani, na kwamba mume wangu ameyapanga vizuri kuliko walivyoyapanga wenye watumwa wenyewe.

Nilimfuata mpaka kwake, maana sikuelewa na nilitaka kuelewa. Alinieleza huku anapepeta mchele, haniangalii. Bibi yake mzaa mama aliletwa pwani akiwa mtoto, na msafara uliotoka bara huko ng'ambo ya Ziwa Nyasa, akauzwa kwa babu yake Mzee Abdallah. Baadaye Mwingereza aliufuta utumwa, lakini kazi haikufutika. Kila arusi ya nyumba ile, kila msiba, kila Maulidi, wengine walialikwa, wao waliitwa. Waliingia kwa mlango wa uani, wakatwanga tangu alfajiri, wakala baada ya watu wote, na walichokula kilikuwa ukoko. Bega lake lilishuka hivyo. Hakuna aliyewashikia fimbo. Ilikuwa tu haiwezekani mtu asiende. Mama yake alikwenda, yeye alikwenda, binti yake alikwenda na mimba ya Salma tumboni. Nilimsikiliza nikaona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu wino ule mwekundu niliununua mimi.

Lakini hakuwa ananisimulia ili nimhurumie. Wiki ile ilikuwa imekuja barua ya wilaya: kijiji kitoe msichana mmoja aliyemaliza darasa la saba, akajifunze uhudumu wa zahanati Mtwara kwa miezi sita. Aliyefaa alikuwa mmoja na kila mtu alilijua hilo. Salma alikuwa na miaka kumi na minane, hati yake nzuri, kichwa chepesi, mkono mtulivu. Mtoto akijikata kwa panga alipelekwa kwake kabla ya kupelekwa kwa mama yake. Ila kamati ilikuwa imekata shauri kwamba msichana atoke katika Kundi la Usimamizi na Zahanati, kama orodha inavyosema. Ikaelekea kwa mjukuu wa Mzee Abdallah, binti mpole aliyekuwa akizimia kila kuku akichinjwa.

"Mie nimetwanga, basi," Bi. Zuhura aliniambia. "Salma hatwangi."

Nilimvaa Erasto wakati wa chakula. Maskini, uso ulimshuka. Aliapa kwamba hakujua, na ni kweli hakujua. Lakini alipopata nguvu ya kusema alianza kuzunguka. Orodha ilishapitishwa na kamati, yeye peke yake hawezi kuifuta. Halafu akaniambia ujamaa umekwisha kuyaondoa mambo hayo, sasa wote ni ndugu, na kuyafukua ni kuwagawa watu. Erasto alilipenda sana neno usawa. Alikuwa analiandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa, na siku mbili tulizungumza kupitia kwa mbuzi wa jirani.

Ikawa hivi. Wilaya ilitaka pia kila kijiji kiandike historia yake, na Erasto alikuwa ameanzisha mazungumzo ya Jumapili alasiri katika darasa la nne: vijana wanauliza, wazee wanajibu, Salma anaandika kwenye daftari kubwa. Jumapili ya kwanza walizungumza habari za Wazungu. Nakwambia, watu walifurahi. Mzee Abdallah alisimulia vizuri mno. Enzi za mashamba ya karanga ya Mwingereza, alisema, kulikuwa na ofisi moja mjini yenye milango mitatu: wa mbele wa Wazungu, wa ubavuni wa Wahindi, na wa nyuma, karibu na mapipa ya taka, wa Waafrika. Siku moja yeye, mtoto wa watu, amevaa kanzu safi, alipita mlango wa mbele kwa haraka ya kupeleka barua. Karani akamshika kola mbele ya watu na kumtoa nje. Vijana wakakunja ngumi. Mimi pia nilikunja. Salma aliandika kurasa tatu.

Jumapili ya pili waliendelea na yaleyale, na kijiji kizima kikawa na hasira moja tamu dhidi ya watu ambao walishaondoka.

Jumamosi ya kuamkia Jumapili ya tatu, Bi. Zuhura alimwambia Salma kwamba kesho atasema. Nilikuwepo. Yule binti, ambaye sikuwahi kumwona akimpinga bibi yake hata kwa kope, alipiga magoti. Alisema hataki kwenda Mtwara, hataki zahanati, atatwanga, mradi yasisemwe mbele za watu. Wenzake wa shuleni walikuwa hawajui, alisema, na wakijua nani atamwoa, nani atakaa naye.

"Wanajua wote," Bi. Zuhura akamjibu. "Wewe tu ndiye uliyekuwa unadhani ni siri." Kisha akamwinua, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga yake mwenyewe, na hakubadili neno.

Kesho yake darasa lilijaa mpaka madirishani. Mzee Abdallah alikaa mbele kwenye kiti cha mwalimu, pembeni yake dada yake Bi. Halima, mwanamke mzito aliyekuwa haonekani nje ya nyumba ile ila kwa msiba. Alikuja siku ile kwa sababu alisikia watu wanapika hadithi za zamani na yeye hajaonja; ndivyo alivyoniambia pale mlangoni, anahema. Salma alikaa kwenye meza ndogo na daftari lake. Erasto akauliza kama kuna mzee mwenye nyongeza juu ya ile milango mitatu kabla hawajaanza habari ya kuhamia kijijini.

Bi. Zuhura aliinuka kutoka sakafuni. Kwanza alimpa Mzee Abdallah pole, kwa ile siku ya kushikwa kola. Alisema ni dhuluma na iandikwe. Halafu akaendelea kwa sauti ileile.

"Milango mitatu mmeihesabu vizuri. Wa nne mmeuacha. Ule wa uani, nyumbani kwenu."

Nilisikia mtu nje anazuia kikohozi. Bi. Zuhura akasimulia yote aliyonisimulia mimi, tena kwa mpangilio, kama mtu aliyeyapanga kwa miaka: bibi yake, mama yake, yeye, binti yake. Alitaja kuitwa na kutoalikwa. Alitaja ukoko. Akasema hamshitaki mtu aliye hai, ila kijana anayeuliza historia ya kijiji apewe yote, asichaguliwe kipande.

Mzee Abdallah hakupayuka. Alikuwa mtu wa heshima zake, na ndiyo maana jibu lake lilikuwa gumu kulipinga. Alisema hapa sote ni ndugu, Serikali imekwisha kusema hivyo na yeye ameikubali kwa moyo. Alisema nyumba yake ilikula na Zuhura njaa na shibe, na ilimzikia mume wake. Maneno ya mtumwa na muungwana yalishafutwa, na anayeyarudisha ndiye anayebomoa kijiji. Watu wengi waliitikia kwa vichwa. Nikamwona Erasto naye anaitikia, nikatamani kumtupia kifutio.

"Kama yamefutwa," Bi. Zuhura akasema, "basi yafutwe na pale mlangoni mwa ghala."

Akaisema ile orodha kwa kichwa, kundi baada ya kundi, jina baada ya jina, kama alivyoisoma. Aliwauliza vijana, mmoja mmoja kwa jina, wao wako kundi gani na baba zao walikuwa wakifanya kazi gani katika misiba ya nyumba ile. Wa kwanza alijibu kwa kujikanyagakanyaga. Wa pili alisema hajui, kisha akasema anajua. Wa tatu alipojibu, hakuna aliyekuwa anatikisa kichwa tena. Erasto alikuwa anaangalia viatu vyake.

Ndipo nilipoona kwamba Salma haandiki. Kalamu ilikuwa mkononi, macho yako kwenye karatasi tupu.

"Andika," bibi yake akamwambia.

Salma akauliza, kwa sauti ndogo ambayo wa nyuma walilazimika kuulizana amesema nini, aandike jina gani la yule bibi aliyeletwa na msafara.

Bi. Zuhura alisema pale kwenye nyumba walimwita Faida, lakini Faida ni jina alilopewa na aliyemnunua. Alitekwa mdogo mno. Uzeeni, akiwa kipofu, alikuwa anakumbuka sauti ya mama yake ikimwita kutoka shambani, lakini hakukumbuka ilikuwa inaita nini. Mtoto Zuhura alikuwa akimkalia miguuni na kumtajia majina, hili ndilo, hili ndilo, na mzee anatikisa kichwa, mpaka alipokufa.

"Silijui," akasema. "Faida usiandike. Acha nafasi."

Salma akaandika mstari, akaacha nafasi. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye daftari na hakuyaficha. Mimi nililia waziwazi, sina haja ya kujitia ushujaa.

Mzee Abdallah alishika mkongojo wake, akainuka kufunga mkutano. Alikuwa amefungua kinywa tayari.

"Abdallah, kaa," akasema Bi. Halima.

Nadhani hakuna aliyewahi kumsikia akimwamuru kaka yake. Mzee alikaa. Bi. Halima hakusimama, alizungumza kutoka kwenye kiti, akimtazama Zuhura peke yake, kana kwamba sisi wengine tumeingia chumbani kwao kwa bahati mbaya.

"Mama yake baba yetu alikuja na msafara uleule. Walikuwa watoto wawili wamefungwa kamba moja, yeye na bibi yako. Babu akampeleka wako jikoni, wetu akamweka suria. Akazaa, watoto wakawa waungwana, na sisi tukafundishwa kumwita Bibi Mkubwa na kutouliza kwao ni wapi. Aliniambia mimi, mwanamke kwa mwanamke. Abdallah anajua, nilimwambia. Nami jina lake silijui, Bi. Zuhura."

Akamgeukia Salma. "Mwanangu, na wetu naye mwachie nafasi."

Sikuweza kumwangalia Mzee Abdallah, lakini ilinibidi, kama ninavyowaangalia watu siku zote. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mkongojo. Fahari yote ya mtu yule, kanzu, kiti cha mbele, baraza, ilisimama juu ya uzazi wa mtoto mmoja aliyefungwa kamba, naye alikuwa amelijua hilo siku zote alizokuwa akikaa barazani akigawa kazi. Mwisho akainua uso, akamuuliza Salma nafasi ya kwanza ameiacha ndefu kiasi gani. Salma akamwonyesha. Akasema ya pili iwe vilevile.

Kisha akamtaka Erasto akabandue orodha. Erasto alitoka mbio, mtu mzima na suruali yake ya mikunjo, na tulisikia karatasi ikichanika kutoka hapo tulipokaa. Kamati ilikutana palepale, watu wakiwa wamesimama, na jina la kwenda Mtwara halikuchukua dakika tano. Mjukuu wa Mzee Abdallah ndiye aliyeshangilia kuliko wote, kwa kuepushwa na kazi ya damu.

Nilidhani yamekwisha, nikaanza kukusanya viti. Lakini watu walikuwa hawatoki. Mwanamume mmoja wa Kundi la Kuchimba alikuwa amesimama mbele ya meza ya Salma, kofia mkononi, anasema na wao wanaye mmoja, babu, jina halijulikani. Nyuma yake alisimama mama mmoja wa barazani, tena wale wa kujisikia, anaangalia pembeni. Nyuma ya huyo wengine. Kila mmoja alitaja alichonacho, wengine mahali, wengine kabila la kubahatisha, wengine kovu la shavuni tu, na Salma akaandika na kuacha nafasi, akaandika na kuacha nafasi, mpaka ukurasa ukaisha akageuza mwingine. Bi. Zuhura alikuwa amekaa kwenye kiti nilichomwekea karibu na mjukuu wake. Mtu akinong'ona, alimwambia aseme kwa sauti, hakuja kuiba.

Jumatano Salma alipanda lori la kwenda Mtwara na sanduku la mbao nililomwazima. Daftari aliliacha kwangu, kwa sababu kulikuwa na watu ambao walikuwa bado hawajaja.